Risasi Haikwaruzi

Siku ya nne inzi walikuwa wameshauzoea mguu wa Valeriani. Ukiwafukuza hawaendi mbali. Wanatua ukutani, wanangoja, wanarudi. Fausta, mkewe, alikuwa anawapunga kwa kipande cha khanga, mkono wa pili umeshika beseni la maji ya chumvi. Mganga wa zahanati alisimama mlangoni, mguu mmoja ndani, mmoja nje.

"Mama Levina, nimekwisha kukwambia. Jeraha hili linataka Ifakara, na Ifakara hawamgusi bila PF3, ile fomu ya polisi."

"Polisi wametunyima. Wanasema ameangukia kisiki. Na wanasema wewe ndiye uliyeandika."

Mganga akalitazama paja. Tundu lilikuwa dogo, la duara, kingo zake zimeanza kugeuka rangi ya bilinganya. Upande wa pili wa paja ngozi ilikuwa nzima. Kilichoingia hakikutoka.

"Bwana nyama alikuja hapa na bunduki begani," akasema kwa sauti ya chini. "Ungekuwa wewe, dada yangu, ungeandika nini?"

Valeriani alikuwa amekwenda bondeni kukata ukindu wa mikeka, palepale walipokata baba yake na babu yake, ambapo siku hizi wanaambiwa ni pori la wageni wa kuwinda. Aliona sheshe, swala wa bondeni, wanakurupuka, akasimama wima ajue wamekurupushwa na nini. Ndipo mlio. Askari wa wanyamapori, bwana nyama na wenzake, walipomfikia walimkuta na mundu na mzigo wa ukindu, hana mkuki, hana hata mbwa. Wakatazamana. Wakambeba mpaka shambani kwake, wakamlaza chini ya dungu lake la kuamia ndege, kisha wakaenda kwa mwenyekiti wa kijiji: mtu wenu kaanguka dunguni, kachomwa na kisiki.

Mganga alipoondoka, Fausta alimwaga maji ya beseni nje, akasimama kidogo juani. Kisha akajitanda khanga, akashika njia ya kambini.

Kambi hiyo ilikuwa ya watafuta rupia. Tangu wakati wa palizi walikuwa wanazunguka mashamba yaliyo nyuma ya Mngeta wakitafuta masanduku ambayo Wajerumani, kwa habari za watu, waliyafukia wakikimbilia Mahenge. Tajiri wao alikaa Morogoro. Mwenye mashine alikuwa Stanislaus, na mashine yenyewe vibarua waliiita fagio, maana kazi yake ni kufagia ardhi na sahani yake ya duara huku aliyeishika akisikiliza. Fausta ndiye aliyewapikia.

Stanislaus alikuwa na sikio la kushoto linalotoka usaha. Siku lilipomzidi alimvisha Fausta vile vidude vya masikioni, kwa mzaha tu. "Hebu sikiliza, Mama Levina, unihadithie." Fausta alikuwa amekulia dunguni akiamia ndege kwenye mpunga, kwa mlio wa mabawa alijua kama waliotua ni kwelea au ni chiriku. Haikumpa tabu.

"Msumari unakwaruza," Stanislaus alimfundisha. "Kama mtu anayekwangua ukoko wa wali. Ukipita huku unasema, ukirudi unanyamaza. Kizibo cha soda kinapayuka, lakini ukiinua sahani kidogo tu, kimya. Sarafu haikwaruzi. Inaita. Ukienda inaita, ukirudi inaita palepale."

"Na hii? Inaita, lakini kwa sauti nzito."

Walichimba. Risasi, nyeusi, imepinda pua. Stanislaus akaitupa kichakani na kulaani. "Risasi tena! Mjerumani na Mwingereza walipigana hapa mpaka wakasahau kuangusha hela!"

Baada ya hapo Fausta akawa anawaambia kabla jembe halijagusa udongo: msumari, acheni, kizibo, acheni, risasi, acheni. Vibarua walibishana naye, wakachimba, wakashindwa. Wakamwita fundi.

Kwa hiyo sasa alipofika kambini hakuzunguka. "Stanislaus mwanangu, nakuomba fagio. Kwa nusu siku."

"Fagio la tajiri, mama. Likiharibika nitauzwa mimi."

"Hutaharibu kitu. Utalishika mwenyewe. Nataka wasikie tu."

Stanislaus alikuna shingo. Alikuwa amekula ugali wa mama huyu miezi mitatu. Akalifunga fagio kwenye gunia.

Walimpakia Valeriani nyuma ya baiskeli, mguu umefungwa kwenye ubao. Alikuwa anatetemeka na jasho linamtoka. "Mama Levina," alisema njiani, "wakishasikia, halafu?"

"Halafu watajua si kisiki."

"Wanajua si kisiki."

Fausta aliendelea kusukuma.

Kituoni koplo alikuwa chini ya kibaraza akila muwa. Fausta alipiga goti nusu. "Shikamoo, afande."

"Marahaba. Nyie wa kisiki mmerudi?"

"Afande, tumekuja na mashine. Tunaomba utusikilize dakika moja."

Koplo alimtazama Stanislaus akifungua gunia, akaacha kutafuna. Stanislaus alichomoa vidude vya masikioni ili sauti itoke nje, wote wasikie. Walipomlaza Valeriani kwenye benchi mashine ilikwaruza hovyo.

"Hiyo ni misumari ya benchi," Fausta akasema. "Tumshushe kwenye mkeka."

"Ebo! Umejuaje?"

"Inakwaruza, afande. Msumari hukwaruza."

Koplo alicheka. Akaingiza mkono mfukoni, akaficha kitu kwenye ngumi, akainyoosha. "Hiki?"

Sahani ikapita. "Hiyo shilingi."

"Na hiki?"

"Kizibo cha soda."

Koplo akafungua ngumi, na ndani kweli kulikuwa na kizibo. Watu waliokuja kuandikisha habari za ng'ombe wao wakaacha foleni, wakasogea. Msukuma mmoja alisema mama huyu angezaliwa kwao angekuwa mganga mkubwa. Hata Valeriani, pale mkekani, alitabasamu upande mmoja wa mdomo. Fausta alihisi kifua kinamfunguka. Kwa siku nne hakuna mtu wa ofisi aliyemtazama usoni, na sasa huyu alikuwa anamtazama.

"Haya," koplo akasema. "Mguu."

Stanislaus alipitisha sahani juu ya goti, kimya. Akapandisha. Juu kidogo ya katikati ya paja mashine iliita, sauti nzito, ya duara. Akarudi, ikaita palepale. Koplo mwenyewe akaishika, akapita mara tatu. Ikaita mara tatu.

"Ni nini?"

"Risasi, afande."

"Si msumari?"

"Msumari hukwaruza. Umesikia mwenyewe."

"Si kipande cha mundu?"

"Risasi, afande. Nimezisikia nyingi."

"Una hakika? Uko tayari kusema hivyo mbele ya hakimu?"

"Hata mbele ya padri."

Koplo aliingia ndani, akatoka na daftari na karatasi. Aliandika muda mrefu, huku anasoma anachoandika kwa midomo tu. Kisha akauliza bila kuinua kichwa, "Risasi ya serikali, mama. Ilimkutia wapi?"

"Bondeni. Alikuwa anakata ukindu."

"Ndani ya pori."

"Pale tunapokata siku zote."

"Ndani ya pori," koplo alirudia, akaandika. "Sikiliza, mama yangu. Kisiki hakina kesi. Bwana nyama aliwapa kisiki, mkae nacho kimya, mguu upone au usipone. Sasa wewe umeniletea risasi, mbele ya watu wote hawa. Risasi ina mwenyewe. Bwana nyama hapigi mtu anayekata ukindu, anapiga jangili." Akamgeukia Stanislaus. "Wewe ndiye mtaalamu?"

Stanislaus alikuwa amekwisha kuanza kulikunja gunia. "Mimi nashika tu, afande. Mwenye masikio ni mama. Mimi hata sikio moja bovu."

"Kibali cha mashine unacho?"

Stanislaus aliliachia gunia.

"Basi iache hapo. Kielelezo." Koplo akamsogezea Fausta daftari. "Shahidi wa kwanza, weka sahihi hapa."

"Shahidi wa nani, afande?"

"Wa Jamhuri."

"Na PF3?"

"PF3 utapewa. Mtuhumiwa lazima atibiwe."

Fausta aliisoma PF3 kwa kuifuata na kidole, neno kwa neno, kama alivyofundishwa darasa la tatu. Jina la mumewe lilikuwa limeandikwa vizuri. Akaandika lake pale alipoonyeshwa.

Gari la polisi, ambalo wiki nzima halikuwa na mafuta, lilipatikana asubuhi iliyofuata. Ifakara hospitalini askari aliyemleta alimfunga Valeriani pingu kwenye chuma cha kitanda, mkono wa kulia, akaondoka na gari na ufunguo. Daktari alikuja jioni, akafunua shuka, akalirudisha haraka.

"Huyu anahitaji upasuaji leo," akasema. "Nani ana ufunguo?"

Hakuna aliyekuwa nao. Wakapiga simu ya upepo. Kesho yake wakapiga tena. Wagonjwa wa vitanda vya jirani waliomba wahamishwe kwa ajili ya harufu. Valeriani aliacha kuuliza habari za mpunga, akaanza kumwita Fausta kwa jina la mama yake.

Siku ya tatu alifika askari mwingine, kijana msafi, amepiga pasi. Fausta aliinuka upesi.

"Shikamoo, afande. Umekuja na ufunguo?"

"Ufunguo?" Askari alipekua mkoba wake. "Sikuagizwa ufunguo. Nimeagizwa kuipokea risasi ikishatoka." Akatoa bahasha ya kaki, tupu, mpya, imeandikwa juu kwa wino namba ya kesi na jina la Valeriani. Akaiweka juu ya kifua cha mgonjwa, akavuta kiti.

Upepo wa dirishani ukaiinua bahasha upande mmoja.

"Mama," askari akasema, "hebu ishikilie hiyo, isije ikapotea."

Fausta akaishikilia.