Cheti cha Dada Yake

Fomu ya pasipoti siku hizi haijazwi kwa kalamu. Inajazwa kwenye simu, na kijijini kwetu simu inashika mtandao mahali pamoja tu: juu ya tangi la maji la shule. Kwa hiyo binti yangu alipanda ngazi, akakaa juu ya mfuniko huku miguu ikining'inia, nami nikasimama chini nikimjibu maswali kwa sauti ya mnadani.

"Umri wa mama!"

"Arobaini na sita!"

Mwalimu mkuu alikuwa anapita na daftari lake kwapani. "Mwaka jana si ulikuwa arobaini na tatu?"

"Mwaka jana ulikuwa husikii vizuri, mwalimu. Pita salama."

Binti yangu tunamwita Chiriku, kwa sababu alianza kuongea kabla ya kutembea na tangu hapo hajanyamaza. Jina lake la kwenye karatasi linatumika shuleni tu. Alikuwa amepata nafasi katika chuo cha ukunga, nchi ya jirani, kila kitu kimelipiwa. Sharti lilikuwa moja: nakala ya pasipoti iwafikie kabla ya Ijumaa saa kumi jioni, la sivyo nafasi inakwenda kwa anayefuata kwenye orodha. Barua yenyewe ilikuwa imelala wiki tatu kwa muuza duka, aliyeisahau chini ya magunia ya chumvi. Ilipotufikia zilibaki siku kumi na moja.

Nafasi kama hiyo hairudi. Kijijini kwetu msichana akimaliza kidato cha nne anabaki kuchota maji na kungoja mposaji, na wote wawili, maji na mposaji, wanatoka mbali na wanakuja wachafu. Mimi nilitaka atoke. Sikuwa na lengo jingine lolote.

Picha tulipiga kwenye josho la ng'ombe, nikatundika shuka jeupe kwenye ukuta kwa misumari. Mfumo ukaikataa. Tukarudia. Mara ya tatu ikakubali, na kwenye kona ukitazama sana unaona pembe ya ng'ombe.

Sasa niseme habari ya cheti, maana ndicho kilichotufikisha pale tulipofika.

Kazi yangu ni mifugo. Nachanja, napima, naandika. Kila mnyama anavikwa hereni ya plastiki yenye namba, na hereni zenyewe zinaletwa kutoka makao makuu wanapokumbuka kwamba sisi tupo. Zikiisha unafanyaje? Mbuzi akifa, unamvua hereni, unamvika mwingine. Daftari linabaki vilevile: mbuzi arobaini, namba arobaini. Hairuhusiwi, na kila ofisa wa porini anafanya.

Chiriku si mtoto wangu wa kwanza. Wa kwanza alikuwa msichana, na baba yake alisafiri siku nne kwenda na kurudi ili kumletea cheti cha kuzaliwa. Aliishi miezi minane. Homa ilimshika jioni, asubuhi tukamfikisha zahanati, mchana tukarudi naye amefungwa kwenye kanga. Alipozaliwa Chiriku, cheti kilikuwa ndani ya sanduku, kizuri, kina mhuri, hakina doa. Mume wangu alikuwa mgonjwa wa mgongo, barabara ilikuwa imekatwa na mvua. Nikampa mtoto jina lile na cheti kile. Kimoyomoyo nilijiambia nimeokoa safari. Chiriku mwenyewe sikumwambia. Kwanza alikuwa mdogo, halafu alikuwa na mtihani, halafu nikawa nimezoea.

Kitambulisho cha taifa hana, kwani mashine ya vitambulisho ilipita kijijini kwa siku tatu naye akiwa bweni. Nilipowapigia watu wa pasipoti, walisema cheti cha kuzaliwa kinatosha, na kwa kuwa ana barua ya chuo, atahudumiwa kwa dharura, siku mbili. Nikapiga hesabu: tukifika Jumanne, Alhamisi tunaipata.

Tulisafiri na lori la mnada. Dereva tunamwita Breki kwa sababu lori lake halina. Tulikaa nyuma na mbuzi kumi na saba, mmoja wao akala kamba ya begi la Chiriku.

"Mama, huyu naye anataka kwenda chuo," alisema.

"Ana hereni yake. Wewe kaa na bahasha yako vizuri."

Aliishika bahasha kifuani siku moja na nusu. Njiani aliongea mambo yote: kwamba atajifunza kutumia ile mashine ya kusikiliza moyo wa mtoto tumboni, kwamba akirudi hakuna mwanamke atakayebebwa tena kwenye mkokoteni wa punda, kwamba atanunua viatu vyeupe. Nilimwacha aongee. Ni vizuri mtu kuongea akiwa na kitu cha kuongelea.

Ofisi ya wilaya ni jengo refu la ghorofa moja, pasipoti mlango wa tatu, vizazi na vifo mlango wa tano. Ndani kuna viti vya plastiki vilivyofungwa pamoja kwa mnyororo, na feni inayozunguka bila kutoa upepo. Tulikuwa namba tisa. Binti wa dirishani alikuwa na kucha ndefu, akidonoa herufi moja moja kama kuku. Alichukua cheti, akadonoa, akasubiri, akadonoa tena.

"Mwenye cheti yuko wapi, mama?"

"Huyu hapa."

Akaitazama skrini, akamtazama Chiriku, akairudia skrini.

"Huyu alishafariki."

Chiriku akacheka. "Mimi, dada? Lini hiyo? Mbona sikualikwa mazishini kwangu?"

Watu wakaangua kicheko, hata mzee aliyekuwa amesinzia. Binti wa dirishani naye akatabasamu. "Ndivyo inavyosema hapa. Zahanati, miezi minane, homa kali. Vitabu vyote vya zamani viliingizwa kwenye kompyuta mwaka jana."

"Basi muifute hiyo homa, mimi nina safari. Mama, mwambie."

Kitabu kile nilikijua. Jalada la kijani, kabatini zahanati, mchwa wameanza kula pembe. Miaka yote hiyo nilidhani mchwa watamaliza.

"Mama, mbona hucheki?"

"Twende nje kidogo," nikasema.

Kwenye ukumbi palikuwa na ndoo ya kudekia na dirisha lisilofunguka. Sijui kuzunguka maneno, kwa hiyo sikuzunguka.

"Ulikuwa na dada. Alikufa. Cheti ni chake."

"Dada gani?"

"Wa kwanza. Kabla yako."

"Aliitwa nani?"

"Aliitwa hivyohivyo."

Chiriku akanyamaza. Nilimzaa mimi, nimemlea mimi, na ukimya wake sikuwahi kuusikia hadi pale. Baadaye akauliza, taratibu, kama mtu anayehesabu mbuzi waliotoroka.

"Siku yangu ya kuzaliwa?"

"Si ile. Wewe ulizaliwa miaka miwili baadaye, Jumatano, mvua inanyesha."

"Kwa hiyo nina miaka mingapi?"

"Kumi na saba na miezi kumi."

"Ndiyo maana darasani nilikuwa kifaranga." Hakucheka. "Baba anajua?"

"Anajua."

"Na mwalimu mkuu? Na Breki? Au ni mimi tu?"

Nilimshika mkono, akauacha ushikwe, lakini haukunishika.

Mlango wa tano alikuwepo msajili, mzee mwenye sweta na miwani iliyofungwa kwa uzi. Nilimweleza kila kitu kwa dakika tatu. Alisikiliza bila kunihukumu, na hilo lilinitisha zaidi.

"Mama, hauko peke yako," alisema. "Wiki iliyopita nilikuwa na mwanamume anayetumia cheti cha kaka yake wa kambo. Sasa sikiliza. Njia ya haraka ni moja. Ukiapa kwamba kitabu cha zahanati kilikosea, kwamba mtoto hakufa, naweza kufungua jina leo hii."

"Nitaapa."

"Mama," Chiriku akasema.

"Nitaapa. Nipe kalamu."

"Utaapa kwamba hakufa?"

"Yeye haumwi tena. Wewe una Ijumaa." Nikamgeukia msajili. "Mzee, niapie wapi?"

Msajili akageuza skrini yake ituelekee. Walikuwa wamepiga picha kurasa zote za kitabu kile. Nikaona mwandiko wa mhudumu wa zahanati, umelala upande kama majani yaliyopigwa na upepo. Umri: miezi minane. Sababu: homa. Na chini, kwenye mstari wa aliyetoa taarifa, jina langu na saini yangu. Ileile ninayoweka mpaka leo kwenye vibali vya kusafirisha ng'ombe. Herufi zimenyooka, hakuna hata moja iliyotetemeka. Siku ile nilitia saini nikiwa na mtoto mgongoni, sikutaka wamchukue kabla sijamaliza kuandika.

"Hii ni ya kwako?" msajili aliuliza.

"Ni yangu."

"Basi siwezi kukuapisha kinyume cha mkono wako mwenyewe. Hiyo ni kesi, na binti yako naye ataingizwa."

"Njia ya pili?"

"Kumsajili huyu kama mtoto ambaye hakusajiliwa. Barua ya mwenyekiti wa kijiji, mashahidi wawili waliokuwepo akizaliwa, kadi ya kliniki. Halafu vyeti vyake vya shule virekebishwe, maana vina mwaka wa marehemu. Halafu ndipo pasipoti." Akavua miwani. "Miezi sita. Kama mna bahati na mtu wa kufuatilia. Mkirudi kijijini mkakaa, mwaka na zaidi."

Chiriku akaomba simu yangu. Mjini mtandao upo kila mahali, hata chooni, kwa hiyo alisimama palepale mlangoni akawapigia chuo. Nilimsikia akisalimia kwa heshima, akieleza, akisema ndiyo, ndiyo, naelewa dada. Alizungumza muda mfupi kuliko alivyowahi kuzungumza na mtu yeyote.

"Wanasema pole," aliniambia akinirudishia simu. "Wanasema Ijumaa ni Ijumaa. Mwakani niombe tena kama wafadhili watakuwepo. Hawajui kama watakuwepo."

"Tutaomba."

"Kwa jina gani?"

Akakaa kwenye benchi la ukumbini, bahasha magotini. Nikakaa kando yake. Mtu wa usafi alipita na ufagio, tukainua miguu, akapita, tukaishusha.

"Kaburi lake liko wapi?" aliuliza.

"Kwenye nyumba ya zamani, nyuma ya jiko. Pale tulipohama wewe hujaanza shule."

"Pana alama?"

"Hapana. Kulikuwa na jiwe. Sijui kama bado lipo."

"Kwa hiyo hata pale hana jina."

"Jina ulikuwa nalo wewe," nikasema. Nilipolisikia likitoka mdomoni mwangu nilitamani nilirudishe.

Chiriku akainuka, akaenda kusimama karibu na lile dirisha lisilofunguka, akanipa mgongo. Nikamwacha. Nilirudi kwa msajili nikaomba fomu ya mtoto ambaye hakusajiliwa. Kama ni miezi sita, bora ianze leo. Ndivyo nilivyo, na siku ile nilijichukia kwa kuwa hivyo, lakini kalamu nilishika.

Jina la mama. Jina la baba. Mahali pa kuzaliwa. Vyote vilikwenda. Kisha mstari mmoja nilioujaza mara nyingi maishani, kliniki, kazini, kwenye bima: watoto waliozaliwa na mama huyu: walio hai, waliofariki. Nimekuwa nikiandika mmoja, na sifuri. Haraka, bila kufikiri. Sasa niliandika mmoja, na mmoja. Ile moja ya pili ilitoka nzito, karatasi ikakaribia kuchanika.

Baada ya hapo: jina kamili la mtoto anayesajiliwa.

Nikamwita Chiriku. Alikuja akasoma nilipofikia, akiwa amesimama nyuma ya kiti changu.

"Nikiandika lile, watasema ni la marehemu," nikamwambia. "Nikiandika jingine, vyeti vya shule havitakuwa vyako tena. Wewe unataka lipi?"

Alifikiri. Hakuwa na hasira, hasira ningeiweza.

"Sijui, mama. Mimi mwenyewe ndiyo kwanza nimeambiwa kwamba sina."

"Chagua lolote."

"Acha wazi kwanza."

Nikaacha wazi, nikatia saini, nikampelekea msajili. Alipitisha kidole mstari hadi mstari, akafika pale, akasimama.

"Hii haipokelewi ikiwa na nafasi tupu," alisema. Akaitazama saa ya ukutani, akanirudishia karatasi kwa mikono miwili kana kwamba ni chombo cha udongo. "Tunafunga sasa. Njooni kesho saa mbili, mkiwa mmeamua."

Lori la Breki lilikuwa linaondoka alfajiri kurudi kijijini, waliko mwenyekiti na mashahidi, na baada ya hilo hakuna jingine hadi wiki ijayo. Chiriku alikuwa ameshatangulia ngazini. Nikaikunja fomu mara mbili, nikaitia ndani ya bahasha ileile, nikamfuata.