Mwaka Ulioandikwa kwenye Ngazi

Apollinaire Bisimwa alikuwa na ugonjwa wa mawe. Si mawe ya figo. Hayo angeyapeleka hospitali ya Katana wakamtazame. Yeye aliugua mawe ya Nchi Takatifu. Mwaka ule wa 1974, kila Jumapili baada ya misa ya pili, watu wa Bagira, mtaa wa mji wa Bukavu, walijazana katika ukumbi wa parokia, wakaziba madirisha kwa mablanketi, na mwalimu huyu wa shule ya msingi, koti lake la abakosti limefungwa vifungo mpaka shingoni, akawaonyesha picha ukutani kwa mashine aliyoachiwa na padri mmoja aliyerudi kwao.

Alijua kufundisha, hilo lazima tumpe. Alipoeleza mfereji uliochimbwa ndani ya mwamba kule Yerusalemu, vikundi viwili vya wafanyakazi wakitoka huku na huku mpaka wakasikiana sauti, wazee walisogea mbele ya viti vyao. Alipofika kwa mtu mmoja wa karne nyingi baadaye aliyeyabandua maandishi ya wafanyakazi hao kutoka ukutani, yakavunjika vipandevipande, sauti yake ilitetemeka kwa hasira, na mama mmoja akasonya kwa niaba ya wote.

Jumapili ninayoisimulia ilikuwa zamu ya Pilato.

"Pilato tulimusoma mu vitabu tu," Bisimwa alisema. "Jiwe lenye kumutaja, hapana. Mpaka 1961, kule Kaisaria. Muone: limevunjika upande, lakini jina iko. Na munajua walilikuta wapi? Ku ngazi! Batu ba zamani balilichukua, bakalifanya mahali ya kukanyaga."

Ukumbi ukacheka. Pilato kukanyagwa kuliwafurahisha.

"Lakini tusilisemeshe jiwe yenye halisemi," akaongeza, maana alikuwa mwaminifu. "Linasema Pilato alitawala Yudea. Halisemi Yesu alifufuka. Ile ni imani. Jiwe tunaliuliza tu: nani aliandika? Iko mahali yake, ao ilihamishwa? Na mwaka inasema nini?"

Watu walipotoka, jirani yake Godelive alimfuata uani. Godelive alikuwa mfanyabiashara wa mchele, mama mnene mwenye kicheko cha kusikika mtaa mzima, na siku hiyo alikuwa na furaha ya mtu anayeleta zawadi.

"Mwalimu, weye unaendaka mbali bure! Kule Kamanyola, ku kapela kadogo ya juu ya soko, iko ngazi yenye jina ya mukubwa yako. PLACIDE, na pembe ya ngombe chini yake. Nilicheka peke yangu. Kumbe na siye tuko na Pilato wetu!"

"Pembe iko namna gani?"

"Moja tu, imepinda. Si ile alichoraka ku nyumba ya mama yangu?"

"Na mwaka?"

"Mwaka iko, lakini sikuisoma. Miye na mufuko ya muchele ku kichwa, nitasoma namna gani?"

Bisimwa akacheka kama mtu anayeumwa jino. Mkewe Agathe alikuwa akimngoja langoni, mwavuli mkononi. Aliona kicheko, hakusikia maneno.

Placide alikuwa kaka mkubwa wa Bisimwa, mwashi, na kila alipomaliza kazi alikuwa akiandika jina lake kwenye sementi mbichi, pembe ya ng'ombe chini yake, na mwaka. Mwaka 1967, mamluki wa kizungu walipoushika mji wa Bukavu, walimkamata njiani wakambebesha masanduku ya risasi. Walipofukuzwa wakavuka mto Ruzizi, aliondoka nao chini ya mzigo. Watu walirudi na habari kwamba waliobeba mizigo walipigwa risasi mtoni. Wengine walisema walimwona kwa macho yao akianguka.

Ukoo ulimngoja, ukachoka. Kwa desturi yao, mtu aliyepotea bila maiti huzikiwa mgomba: walikata shina, wakalifunga sanda, wakalilaza kaburini huko Katana, wakapigilia msalaba wenye jina la Placide. Na sharti la desturi hiyo lilikuwa moja, kali: mtu aliyekwisha kuliliwa hivyo, hata akitokea mzima, haingii tena nyumbani kwake. Akiingia, mmoja wa nyumba ile atalifuata lile shina.

Agathe alibaki mjane, kijana bado. Wazee wakamwambia Bisimwa amchukue mke wa kaka yake, naye hakulazimishwa, kwa kuwa alikuwa amempenda kimya kimya tangu siku alipoletwa bibi harusi. Padri aliuliza mara mbili kama kweli Placide amefariki. Wazee wawili wakaapa. Wakafunga ndoa kanisani, Pasaka ya 1970.

Basi mambo yote yalikuwa juu ya mwaka ule wa kwenye ngazi. Kama ulikuwa 1967 au kabla, si neno, Placide alijenga sehemu nyingi kabla ya vita. Lakini kama ulikuwa baada ya Pasaka ile, basi siku Bisimwa alipomvisha Agathe pete mume wake alikuwa hai, na ndoa yao mbele ya Mungu haikuwa ndoa. Komunyo, kazi yake ya ukatekista, kitanda, vyote vingemponyoka. Kumpoteza Agathe ndiko kulikomuuma zaidi ya vyote.

Tena kulikuwa na jambo ambalo hakumwambia mtu. Kila masika, alipokwenda Katana kupalilia kaburi, alikuta chipukizi la mgomba limetoboa udongo. Alilikata kwa panga upesi upesi, akajiambia kwamba walizika shina pamoja na kipande cha mzizi, na mzizi huota, ndiyo kawaida yake. Alikuwa na sababu nzuri. Lakini hakugeuka kutazama nyuma mpaka alipofika barabarani.

Na nyumba waliyolala, Placide ndiye aliyeijenga. Wiki ile, kila mvua iliponyesha, Bisimwa alisikia mwiko ukigonga tofali ndani ya ukuta, taratibu, kama fundi anayepanga mstari. Aliacha kula, akasikiliza.

"Unasikia nini?" Agathe alimuuliza.

"Mvua."

"Mvua haigongake hivi," Agathe alisema, naye akaendelea kula huku akiutazama ukuta.

Alhamisi Bisimwa alijaza mfuko wake. "Naenda Kamanyola kununua muchele," alisema.

Agathe akaupima mfuko kwa mkono. "Na nyundo ni ya kuvunja muchele?"

"Iko rafiki moja, nitamusaidia kutengeneza dirisha."

Agathe alimfungia viazi vitamu vya njiani, na hilo lilimchoma kuliko matusi.

Kamioni ya wafanyabiashara ikashuka naye kwenye kona za Ngomo, upande mmoja mlima na upande mwingine utupu, mpaka chini kwenye joto la bonde la Ruzizi. Aliipata kapela bila kuuliza. Kilikuwa kikanisa kidogo cha matofali, kimefungwa. Jina lilikuwa kwenye kipandio cha chini kabisa, limejaa udongo wa viatu vya watu. Akapiga magoti. Mpita njia mmoja, akidhani anasali, akavua kofia.

Akaliuliza jiwe maswali yake. Nani aliandika? Herufi E ya mwisho ilikuwa na mkia, kosa ambalo Placide alitoka nalo shule ya msingi na hakuna mwalimu aliyeweza kumwondolea. Iko mahali yake? Sementi ya kipandio ilikuwa imeshikana na ya ukuta, haijahamishwa. Mwaka unasema nini? Akakwangua udongo kwa ukucha, tarakimu moja baada ya nyingine, na mpaka ya tatu alikuwa bado anaomba.

1971.

Kwanza alifurahi, na nataka hilo lijulikane. Alifurahi kama mtoto, kaka yake hakufia mtoni! Aliponyoka risasi, akala, akalala, akashika mwiko tena. Bisimwa aliweka kiganja juu ya jina, machozi yakamtoka. Kisha akamkumbuka Agathe, na mkono uliokuwa juu ya jina ukaingia mfukoni ukatoka na tindo.

Alikusudia tarakimu mbili za mwisho tu. Alipiga nyundo. Sementi ilikuwa na mchanga mwingi kuliko alivyodhani, na mwaka wote ukaruka pamoja na ncha ya pembe. Akahofia kuna aliyesikia nyundo. Akageuka.

Mama mmoja mzee alikuwa amesimama nyuma yake, ufagio mkononi. Hakuonyesha hasira.

"Weye ni Apollinaire," alisema.

"Nani alikuambia, maman?"

"Masikio. Uko na masikio yake." Akaketi kwenye kipandio cha juu. "Naitwa Marcelline. Miye nafagiaka hapa. Yeye alinijengea hii ngazi, na miye nilimupikia mpaka akakufa."

"Amekufa?"

"Mvua ya mwaka jana. Homa." Marcelline aliulaza ufagio magotini. "Alivuka tena Ruzizi kurudi huku 1970, akiwa mugonjwa. Alipanda mpaka Katana, akakuta musalaba yake. Mutu moja wa kule, mwenye alimutambua ku njia, akamwambia mwanamuke yake alisha kuwa na bwana, na bwana ni mudogo yake. Akarudi huku. Nilimwambia: papa, enda, wataweza kukupokea. Akanijibu: mutu mwenye alisha kuliliwa, akiingia mu nyumba anaingia na kifo. Miye siwezi kuwapelekea kifo."

"Alinikasirikia?"

"Hapana. Alikuwa analia, lakini si ya kasirani."

"Mulimuzika wapi?"

Marcelline akanyoosha ufagio kuelekea nyuma ya kapela, penye nyasi tupu. "Alikataa musalaba. Alisema: kaburi niko nayo Katana, hapa niko na ngazi. Ile mwaka aliiandika kwanza, mbele ya jina. Alisema: siku moja batu wetu wataisoma, watajua miye sikukufa na bale bazungu. Watajua nilikuwa kwa kazi yangu."

Bisimwa alianza kuokota vipande. Aliokota kwa mikono miwili, akajaribu kuvipanga pale pale chini, kimoja kando ya kingine, moja, tisa, saba. Vilikuwa vikisagika vidoleni. Marcelline akamwambia kwa upole asimame, kamioni za Bukavu zinaondoka.

Njia nzima ya kupanda Ngomo alikuwa akijiambia kwamba sasa hakuna anayejua. Godelive hakuusoma mwaka. Yule mtu wa Katana alikuwa amenyamaza miaka minne. Marcelline hatapanda mlima kuja Bagira kwa ajili ya ndoa ya watu asiowajua. Na Placide amekwisha kufa kweli. Padri angeweza kuwafungisha ndoa upya kimya kimya kwa kisingizio chochote. Yote hayo aliyapanga vizuri sana. Na alipofika nyumbani saa tisa mchana, akamkuta Agathe uani akitwanga sombe, majani ya muhogo, yakamtoka yote mdomoni kabla hajaweka mfuko chini: ngazi, mwaka, Katana, homa, nyasi.

Agathe aliacha kutwanga, lakini hakuachia mchi.

"Uliiona ile mwaka na macho yako?"

"Niliiona."

"Na miye nikienda kesho, nitaiona?"

Bisimwa akatazama chini. "Hapana."

"Juu ya nini?"

"Niliivunja."

"Juu ya nini, Apollinaire?"

"Niliogopa utaniacha."

Uso wa Agathe haukuwa na hasira; ungekuwa nayo, Bisimwa angejua pa kushika.

"Mvua ya mwaka jana," alisema. "Alikuwa anakufa pale Kamanyola, na miye nilikuwa hapa nakutwangia sombe. Hakuna mutu alimulilia. Tulililia mugomba." Akautazama mchi mkononi mwake. "Na ile kitu moja yenye aliacha ili tujue, weye uliifuata na nyundo."

"Agathe..."

Aliulaza mchi kando ya kinu kwa uangalifu. Akafungua kitambaa cha kichwa, akakitupa, akaingia ndani, akaketi sakafuni katikati ya nyumba, miguu imenyooshwa mbele. Kisha akapaza kilio. Hakikuwa kilio cha mwanamke aliyegombana na mumewe. Bagira yote ilikijua kilio cha namna ile, na hakuna anayekikosea.

Godelive alikuwa wa kwanza kufika, mikono ina vumbi la mchele, na nyuma yake wanawake wa mtaa, wengine wamekwisha kujifunga vitenge kiunoni kwa kazi ya msiba. Bisimwa alikuwa amesimama mlangoni, mfuko bado begani.

"Nani amekufa?" Godelive alipiga kelele. "Agathe, nani amekufa?"

"Bwana yangu," Agathe alijibu. "Bwana yangu amekufa."

Wote wakageuka kumtazama Bisimwa. Godelive akanyoosha mkono, akamgusa bega kama anayetaka kuhakikisha, kisha akaurudisha haraka. Hakuna aliyeuliza zaidi. Kilio kilikuwa kinawaita. Wakampita pale mlangoni mmoja mmoja bila kumsalimu, wakaketi sakafuni kumzunguka mjane, wakaanza kulia naye.