Tarehe Tano Mwezi wa Tano

Fundi cherehani alipofuka kwa sababu barua ya kliniki ilimwita karibu mwezi mzima baada ya siku yake ya upasuaji. Jicho la kushoto lilikuwa limekufa tangu utotoni. La kulia ndilo lililokuwa likimlisha. Barua ile ilitolewa na programu, na programu ile aliitunga Baba Kidoti.

Ofisi ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la rangi, meza mbili zikitazamana. Moja ya Baba Kidoti. Ya pili ya mkaguzi, mwanamke mwenye mdomo ambaye kazi yake ilikuwa kutafuta makosa kabla wateja hawajayaona. Fundi cherehani alikuwa baba mzazi wa mkaguzi huyo.

Kila programu waliiwekea barua ya mfano. Ukigusa chochote, mashine inatoa barua upya na kuilinganisha na ile iliyohifadhiwa, mstari kwa mstari. Zikifanana, kijani. Zikitofautiana hata nukta, nyekundu, na mashine inauliza: hii mpya ikubaliwe iwe ndiyo mfano?

Mfano wa kliniki aliuandika Baba Kidoti. Jina la mgonjwa: Kidoti. Tarehe ya kufika: 05/05, siku aliyozaliwa binti yake. Mtoto alikuwa hai wakati huo, akaona ni utani mzuri. Kisha homa ikamchukua. Mama yake akagawa nguo, akabeba picha zote kwenda kwao, wala hakurudi. Watu wakaacha kumwita yule mwanamume Baba Kidoti, wakiogopa kumtonesha. Mkaguzi peke yake hakuacha. Na kila asubuhi mashine ilitoa barua ya kumwita Kidoti kliniki, kama mtoto mwenye kikohozi tu.

Mkaguzi alishamwambia mapema.

"Baba Kidoti, tubadilishe hii tarehe. Tano kwa tano. Siku na mwezi zikibadilishana viti, tutajuaje?"

"Zibadilishane kwa nini? Zimegombana?"

"Cheka tu. Weka ishirini na tatu. Jina liache."

"Tarehe ni yake."

"Najua ni yake, kaka. Ndiyo maana nakuomba, sikuamuru. Basi tuongeze barua ya pili, ya mtu mwingine."

"Nitaiongeza mwenyewe."

Hakuiongeza. Hakutaka jina la mtu mwingine likae kando ya mwanawe. Mkaguzi alimwonea huruma akanyamaza, na kwa mtu mwenye mdomo kama ule, kunyamaza si kazi ndogo.

Baadaye Baba Kidoti alibadilisha kipande cha programu kinachoandika tarehe, maana cha zamani kilikuwa kizito. Kipya kilitanguliza mwezi. Akajaribu. Barua ya Kidoti ikatoka 05/05. Kijani. Akaipeleka programu kliniki, akashuka kunywa chai.

Wagonjwa wengine walipiga simu kliniki wakicheka: "Huo mwezi wa ishirini na tatu unaanza lini, dada?" Mpokezi akawarekebishia mmoja mmoja, hakumwambia mtu. Lakini barua ya fundi cherehani haikuchekesha. Siku yake ilikuwa tarehe saba mwezi wa sita. Iliandikwa 06/07, na bintiye ndiye aliyemsomea: tarehe sita mwezi wa saba. Jicho likaanza kuuma. Akamwambia, "Vumilia, baba, siku yako bado." Mzee akavumilia.

Daktari alisema angefika siku yake, jicho lingepona.

Mkaguzi aliiweka barua ya baba yake juu ya meza ya Baba Kidoti. Mwanamume alikuwa amejiandaa kwa kelele. Hazikuja.

"Nilimwambia avumilie," mkaguzi alisema.

"Dada, nisamehe."

"Jana kaniomba nimtilie uzi kwenye sindano. Nikamtilia. Akakaa nayo mkononi, basi."

Baba Kidoti aliufungua mfano, akafuta 05/05, akaandika 23/11. Mashine ikatoa barua: 11/23. Nyekundu. Kosa lilijitokeza hapo hapo, kwa kubonyeza mara moja tu.

Akalirekebisha. Kisha akalifuta na jina.

"Jina ungeliacha," mkaguzi alisema.

"Haliwezi kukaa hapa tena."

Akaandika: Mgonjwa wa Mfano. Mashine ikauliza kama hii mpya ikubaliwe. Kidole kilikaa juu ya kitufe mpaka skrini ikaanza kufifia. Akabonyeza.

Mkaguzi alichukua kikombe chake na sweta iliyokuwa kwenye kiti.

"Kwaheri, mhandisi," alisema mlangoni. Hakuwahi kumwita hivyo.

Fundi cherehani hana jicho hata moja, na cherehani yake imefunikwa shuka. Meza ya pili ofisini ni tupu. Barua ya kila asubuhi inamwita mtu ambaye hajawahi kuzaliwa. Na hakuna tena anayemwita yule mwanamume Baba Kidoti.