Pembe Iliyosuswa

Pembe ya mashariki ya ukumbi wa Mambrui imevuja tangu Bi Mahfudha ana miaka kumi, na sasa ana sabini na tatu. Harusi ngapi zimelowa pale, hesabu yake hana. Mvua ikianza, watu husogeza mikeka bila kuambizana, na hapakosi mmoja wa kusema, "Mpisheni Sanga." Huyo Sanga ndiye fundi aliyeujenga, na mji mzima wajua kwamba aliiba chokaa akaweka mchanga.

Mwaka huu ukumbi umepata wa kuukarabati, na kamati ikataka urudi vile vile ulivyokuwa: boriti, juu yake mawe ya matumbawe, juu ya mawe chokaa, kisha ipigwe. Sakafu ya juu ya namna hiyo, ambayo ndiyo paa lenyewe, hupigwa na wanawake kwa vipande vya mti, wakiimba, maana wimbo ndio unaoipeleka mikono pamoja. Na ikishaanzwa haiachwi. Ukiiacha mbichi hukauka na matundu ndani. Anayeujua wimbo wenyewe amebaki mmoja tu, Bi Mahfudha.

Basi akapandishwa ngazi na mjukuu wake Mahira, wanawake wengine nyuma yao. Mahira akawa anawachekesha wenziwe, eti bibi yake amepanda kama bibi harusi, atashuka kama gunia. Walipokwisha kufika juu, ngazi ikachukuliwa na wapaka rangi, ikapelekwa upande wa pili. Bi Mahfudha akaitazama ikienda.

Fundi wa safari hii ni Kenga, mtu wa Marafa, ndevu zimeanza mvi. Alimwamkia Bi Mahfudha shikamoo, akamwita Hawe, kama wanavyowaita bibi zao kwao. Akatoa bonge jeupe mfukoni.

"Hili nimelibandua pembe ile inayovuja, Hawe. Chokaa tele. Ila halikupigwa."

Bi Mahfudha akalipokea. Likamvunjikia kiganjani kama andazi la juzi.

"Sanga alikuwa babu yangu," Kenga akasema. "Hapa hakupewa kazi tena, akaenda kubeba chumvi Gongoni mpaka mgongo ukamlaza. Sasa kamati wanaandika historia ya ukumbi, ibandikwe mlangoni. Jina lake limo, na wizi umo. Wewe ulikuwepo?"

"Nilikuwa mtoto," akasema, akashika kipande chake, akaanza wimbo haraka.

Alikuwepo. Alikuwa akiteka maji ya kurashia chokaa, na mama yake ndiye aliyekuwa akiongoza wimbo. Walipofika pembe ile, jirani mmoja akamrushia mama ubeti wa kejeli, kwamba kitanda chake kina upande mmoja wa baridi, yaani mumewe analala kwingine. Mama akatupa kipande, akashuka, na jamaa zake wote wakamfuata. Pembe ikaachiwa jua. Mvua ya kwanza ilipopita ndani, mama akawa wa kwanza kumtaja Sanga. Kisha akamshika mwanawe kidevu, akamwambia, "Wewe hukuwa huko juu. Sema." Akasema. Mama ni marehemu siku nyingi, lakini kidevu bado kimeshikwa.

Walipiga kutoka magharibi, boriti baada ya boriti, Kenga akiwamwagia chokaa mbele yao. Kila hatua ilimsogeza Bi Mahfudha kwenye pembe. Alisema ana kizunguzungu. Mahira akampa maji, akamfunika kichwa kwa kanga mbichi, akamwambia avumilie, ngazi haipo na chokaa haingoji mtu.

Wakafika. Na beti alizozisikia kwa mama yake zilikuwa zimekwisha, maana mama hakuwahi kuipita pembe ile. Wanawake wakamtazama mdomo. Mikono ikaanza kupwaya, mmoja mbele, mmoja nyuma, na chokaa ikaanza kukauka ukingoni. Bi Mahfudha akaiona. Akafumba macho, akatoa ubeti wake mwenyewe:

"Chokaa Sanga hakwiba,
pembe mama kaisusa,
mwana kaona si haba,
kaficha mpaka sasa."

Desturi ya wimbo ule, ubeti ukitolewa huitikiwa vivyo hivyo mpaka uje mwingine. Wakauitikia kwa nguvu, wamefurahi kupata mdundo. Mara ya tatu Mahira akaelewa anachokiimba. Akageuka kumtazama bibi yake, na mkono wake ukiendelea kupiga. Wengine nao wakaelewa, mmoja baada ya mwingine, sauti zikashuka, lakini hakuna aliyeacha. Sakafu haiachwi mbichi.

Kenga alikuwa ameweka ndoo chini. Bi Mahfudha akafungua kinywa atoe ubeti mwingine, wowote, japo wa kusifu bibi harusi, wauache ule.

"Huo huo, Hawe," Kenga akasema taratibu. "Pembe bado mbichi."

Bi Mahfudha akaitafuta ngazi kwa macho. Bado ilikuwa upande wa pili. Akainua kipande, akaitikia na wenzake, "Pembe mama kaisusa."