Soma kwa Sauti

Kila alipoinama juu ya bega la mwanafunzi, Tusajigwe alifunga mikono mgongoni isije ikamponyoka ikagusa kibodi. Ndiyo iliyokuwa sheria ya darasa lake la HTML, lugha ya kutengenezea kurasa za mtandao, pale Mbalizi: mwalimu haandiki, mwalimu hasemi jibu. Mstari ukikugomea, usome kwa sauti, herufi kwa herufi, na kosa litajitaja lenyewe. Wanafunzi wake, wengi wao watu wazima, walizitaja herufi kwa majina ya darasa la kwanza, na sheria haikuwahi kumwangusha.

Leo ilimgeuka. Evarista, fundi cherehani, alikuwa akitengeneza ukurasa wa kutangaza nguo zake. Maneno "Magauni yangu" yalitakiwa yageuke buluu, mtu akiyabonyeza yafungue ukurasa wa pili. Yalibaki meusi, yamenuna, na darasa zima lilikuwa na weusi huo huo. Nyuma kabisa alikaa Zubery, mwenye kituo hicho cha kompyuta. Asubuhi alikwisha kusema bila kumung'unya maneno: kiungo kisipofunguka leo hata kwa mtu mmoja, darasa atapewa Farhan, mwalimu ambaye huwaandikia watu majibu ubaoni na wote wakarudi makwao wamefurahi.

"Soma tena, mama," Tusajigwe alisema.

"He, le, e, fe." Kidole cha Evarista kilitambaa kwenye skrini. "Helufi zote zipo, mwalimu. Ulitutajia hivyo hivyo."

Ulitutajia hivyo hivyo. Kumbe kosa lilitoka kinywani mwa Tusajigwe mwenyewe, nao wanafunzi, wenye ulimi kama wake, wakaandika walichosikia. Maisha yake yote ulimi huo ulikuwa umegoma kuikwaruza herufi ile. Alipokuwa sekondari Iringa alisimama siku moja kusoma habari za rais, na bweni zima likambatiza jina la Lais mpaka anamaliza kidato cha nne. Tangu hapo alijifunza kukwepa: rafiki akawa mwenzangu, barua ikawa ujumbe. Lakini href, neno linalounganisha ukurasa na ukurasa, haina jina la pili.

Alikuwa amebanwa kotekote. Akiiandika ubaoni, ameivunja sheria aliyoitetea kwa ubishi mbele ya Zubery. Akiitamka, itatoka ile ile. Akinyamaza, darasa limekwenda.

"Hiyo herufi ya pili," Zubery alisema kutoka nyuma, kwa ule ulimi wa watu wenye asili ya Pwani ambao haukuwahi kumsumbua. "Nimwambie, mwalimu?"

"Usimwambie!"

Sauti ilitoka kali kuliko alivyokusudia. Watu waligeuka. Uso ulimwaka kwa aibu, na akajua kwamba hapakuwa na neno lingine la kujifichia.

"Sikilizeni," alisema. "Hapo kuna helufi moja." Alilisikia neno lilivyotoka, akaliacha litoke. "Sisi wa huku tunaisema vibaya, na mimi ndiye wa kwanza. Shuleni walinicheka sana. Kwa hiyo leo msiuamini mdomo wangu wala midomo yenu. Tazameni vidole vimebonyeza nini."

Hakuna aliyecheka. Evarista aliinamia kibodi, midomo ikichezacheza bila sauti. Alitazama juu, akatazama chini. Akafuta herufi moja, akaweka nyingine, na maneno yakageuka buluu.

"Ni le, mwalimu!" alipiga kelele, nusura aangushe kiti. "Siyo le, ni le!"

"Ehee! Ni le!" waliitikia wenzake, na kibodi zikaanza kugongwa chumba kizima.

Zubery alikuwa amesimama, akiwakodolea macho mmoja baada ya mwingine.

"Mbona mnasema ile ile?"

"Siyo ile ile, bosi," Tusajigwe alisema, akicheka hadi machozi yakamtoka. "Ni le."