Mzinga wa Huseni na Maua ya Mwisho

Mvua zilipokatika, mwaka ule wa vita, mlima ulio juu ya mtaa wetu wa Kanyosha ulichanua kama kawaida yake. Yalikuwa yale maua ya porini yanayochelewa, ya manjano na ya zambarau, ambayo hayapandwi na mtu. Kuanzia asubuhi mlima wote ulivuma: nyuki wenye unga wa manjano miguuni, vipepeo weupe, mbawakawa wadogo wa kijani waliolala ndani ya maua kama walevi. Mume wangu Huseni alikuwa amebakiwa na mzinga mmoja huko. Mingine ilipasuliwa na watu wenye njaa, na hatukuwalaumu.

Siku moja komanda wa kizuizi cha askari barabarani akatangaza: kesho asubuhi mlima unachomwa, waasi wasipate pa kujificha. Huseni akamwendea. Mimi nilikuwa nyuma yake.

"Afande, niache niuteremshe mzinga wangu leo usiku."

"Jua likizama, mutu akionekana juu kule anapigwa. Teremsha sasa."

"Sasa nyuki wako kwa maua, afande. Mzinga unafungwa wakiisha kurudi. Nikifunga saa hii, nitaacha wengi inje."

Komanda akacheka mpaka akakohoa. "Muzee, we unahesabu nyuki? Siye hata watu tumeacha kuhesabu!"

Wote wakacheka, isipokuwa askari mmoja kijana, Révérien. Yeye alikuwa amemletea Huseni kiti.

"Muzee, mlango wa mzinga unaziba na nini?" akamwuliza polepole.

"Majani mabichi. Udongo apana, watakosa hewa."

Jioni Huseni akavaa kofia yake ya sala.

"Baba Asiya, usiende," nikamwambia. "Ni nyuki tu."

"Hawa nyuki tu ndio walimsomesha Asiya," akasema. "Nitarudi mbele ya isha."

Jua lilizama nyuma ya milima ya Kongo. Nikasikia risasi moja. Jirani yangu Esperance, mkimbizi kutoka Uvira, alikuja mbio akajilaza kizingitini kwangu ili nisitoke. Alilala pale, juu ya sementi, mpaka kulipokucha.

Asubuhi komanda akasema moto kwanza, maiti baadaye. Révérien alipanda kabla kiberiti hakijawashwa, akamteremsha Huseni mgongoni, amemfunika kwa koti lake mwenyewe. Komanda akamzaba kofi mbele yetu. Révérien akapanda tena. Aliporudi, mlima ulikuwa unawaka nyuma yake, na mzinga ulikuwa kichwani pake, mlango umezibwa kwa majani mabichi.

"Umeziba vizuri, mwanangu," nikamwambia.

"Si mimi, mama. Ni muzee." Akatazama chini. "Alikuwa amemaliza. Alikuwa anashuka."

Sikumwuliza nani alipiga.

Tulipotoka kumzika, niliuweka mzinga uani nikayatoa yale majani mlangoni. Nyuki wakatoka wote kwa haraka, wakaelekea kule walikokujua. Esperance aliwawekea sahani ya maji ya sukari, ile sukari ambayo watu walituletea kwa chai ya msiba. Hakuna aliyeigusa. Mchana kutwa walipanda mlimani na kuzunguka juu ya majivu, pale mzinga wao ulipokuwa. Jua lilipogusa milima ya Kongo nilikaa mlangoni pa mzinga, kama Huseni alivyokuwa akikaa, nikawangoja. Wachache walirudi, na miguu yao ilikuwa myeusi.