Kadi ya Nyumbani kwa Daktari

Kwa miaka ishirini na sita nilikuwa nesi katika zahanati ya Daktari, na kadi zote za wagonjwa zilipita mikononi mwangu. Kila familia ilikuwa na kadi moja. Juu Daktari aliandika magonjwa kwa wino. Chini, kwa penseli, aliandika mambo ya watu. "Bibi hasikii sikio la kushoto." "Mtoto anaogopa sindano, muulize habari za kuku wake." Watu walidhani ana kumbukumbu ya ajabu. Mimi niliyejua siri nilifunga mdomo, jambo nisilolizoea.

Alipofariki, wagonjwa wake walichanga ili kila mwaka mwanafunzi mmoja wa udaktari asomeshwe kwa jina lake. Wa kwanza tulishampata, binti wa fundi viatu, msichana mwenye akili kama wembe. Chuo kilimpa hadi Ijumaa athibitishe nafasi yake, la sivyo apewe mwingine. Ilibaki sahihi moja tu, ya binti pekee wa Daktari, kwa kuwa jina lilikuwa la baba yake. Naye akagoma.

Jumatano alikuja zahanati kuchukua miwani ya marehemu. Nilimwekea fomu mezani, nikajifanya napanga chupa za dawa.

"Shangazi, usinizunguke," alisema. Ananiita shangazi tangu mdogo. "Wote mnamwita daktari wa familia. Familia za nani? Sisi tulimjua mgongo tu, akitoka mlangoni."

"Mwanangu, alikuwa anaokoa watu."

"Najua. Ndiyo maana hata kukasirika niliona aibu."

Ni mara ngapi mimi mwenyewe nilimpigia Daktari simu akiwa mezani na mwanawe? Roho iliniuma. Nikakumbuka kuna kadi moja ambayo hakuniruhusu kamwe kuigusa. Aliiweka mwenyewe nyuma kabisa ya droo ya mwisho. Ilikuwa ya nyumbani kwake. Niliitoa na kumkabidhi bila kuisoma.

Alianza kuisoma kwa sauti, kwa kejeli. Surua. Mkono uliovunjika. Alipofika kwenye penseli, sauti ikapungua.

"Kang'oka jino la kwanza. Sikuwepo. Mbio za shule, kawa wa pili. Sikuwepo. Kaimba mbele ya wazazi. Mama yake anasema alikuwa ananitafuta kwa macho. Sikuwepo."

Mistari iliendelea hadi upande wa pili. Aliumaliza, akaketi kwenye kiti cha wagonjwa. Mimi nililia waziwazi, na sioni haya kusema.

"Kwa hiyo alijua," alisema.

"Alijua."

"Si angeniambia basi, mzee huyu?"

"Baba yako? Hata chai alikuwa haombi, ananionyesha kikombe."

Alicheka kidogo, akachukua penseli ya Daktari iliyokuwa bado juu ya meza. Chini ya mstari wa mwisho aliandika tarehe. Niliijua tarehe ile. Ni siku Daktari alipokata roho nikiwa nimemshika mkono, binti yake akiwa bado safarini. Mbele ya tarehe akaongeza neno moja: Sikuwepo.

Kisha akavuta fomu, na penye masharti akaandika kwa wino: "Mwanafunzi apewe nauli ya kwenda kwao kila mwezi, na aende."

"Hilo utalisimamia wewe, shangazi," alisema. "Kusumbua watu kwa simu unakujua."

Nilistahili. Akasaini, akairudisha kadi mwenyewe nyuma ya droo.

Sasa kila mwisho wa mwezi nampigia binti wa fundi viatu na kumuuliza yuko wapi.

"Niko kwetu, nesi," hunijibu, nami husikia nyundo ya baba yake ikigonga soli karibu naye.